Kuondoa homoni kwenye majitaka kwa vimeng'enya: mwongozo kamili, kutoka chupa hadi tangi

Kidonge kimoja cha kawaida cha uzazi wa mpango kina mikrogramu 20 hadi 35 za ethinilestradioli, yaani homoni ya kike iliyotengenezwa kiwandani. Kati ya mwaka 2001 na 2003 watafiti nchini Kanada waliitia homoni hiyo kwenye ziwa dogo la majaribio huko Ontario, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii ya samaki wadogo wa ziwa lile ikakaribia kutoweka kabisa.

Mtambo wa kawaida wa majitaka haukujengwa kwa ajili ya viwango vidogo namna hiyo, na ndiyo maana watu wanatazama vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Mwongozo huu ni wa fundi wa mtambo, mwanafunzi wa maabara au mhandisi anayetaka kujaribu mwenyewe. Lakini kwanza nikuonye. Kuifanya homoni ipotee kwenye maji ni rahisi mno. Homoni hizi hazipendi maji. Hunata kwenye plastiki, kwenye tope, kwenye kichujio, hata kwenye mpira wa kifuniko. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba imevunjwa, si kwamba imehama tu.

Jaribio langu la kwanza lilinifundisha hilo kwa aibu. Niliweka shanga za jeli zenye kimeng'enya kwenye chupa za plastiki, nikapima baada ya saa mbili, homoni karibu yote haipo. Nikatangaza ushindi. Mwenzangu akaniuliza swali moja: "Shanga tupu zimeonyesha nini?" Sikuwa nimeziweka. Nilipoziweka, homoni ilipotea karibu vilevile. Kimeng'enya changu kilikuwa abiria tu.

Hatua ya 1: Jua homoni ipi inashikika

Homoni za kike zinazosumbua zaidi kwenye majitaka ya majumbani ni nne: estroni, estradioli, estrioli na hiyo ethinilestradioli ya vidonge. Zote nne zina pete moja ya fenoli (pete ya kaboni sita iliyoshika oksijeni na hidrojeni), na pete hiyo ndiyo mpini ambao kimeng'enya hushikia. Kimeng'enya huchomoa elektroni kwenye fenoli, molekuli inabaki haina utulivu, inatafuta mwenzake na kuungana naye. Zinakuwa mbilimbili, tatutatu, hatimaye vipande vizito vinavyoweza kutuama. Pete ikishaharibika hivyo, molekuli kwa kawaida haiingii tena kwenye kipokezi cha estrojeni, yaani sehemu ya seli inayopokea homoni hizi za kike.

Hapa ndipo vimeng'enya vinapowazidi bakteria. Bakteria wa mtambo huishambulia estradioli kupitia upande wa pili wa molekuli: huigeuza kuwa estroni, kisha huendelea kuitafuna. Ethinilestradioli imezibwa upande huohuo kwa kitawi cha kaboni mbili, kwa hiyo bakteria hugonga mwamba. Kimeng'enya kinachoshika fenoli hakijali kitawi hicho, maana kinaingilia mlango mwingine.

Bisfenoli A na nonilifenoli, ambazo si homoni lakini huiga homoni, nazo zina fenoli na zinashikika. Testosteroni, projesteroni na levonojestreli hazina. Zitapita kwenye tangi lako zikiwa salama salimini, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba unaondoa "homoni zote".

Kuna mtego mwingine. Mwili hautoi homoni nyingi ikiwa huru. Huifunga kwanza kwa molekuli nyingine, glukuronidi au salfeti, ili iyeyuke kwenye mkojo. Kifungo kikikaa juu ya fenoli, kimeng'enya hakina pa kushika. Bakteria wa kinyesi kama E. coli hufungua vifungo vya glukuronidi njiani, ndani ya mabomba. Vya salfeti ni vigumu zaidi. Ndiyo maana wakati mwingine maji yanayotoka kwenye mtambo huonekana kuwa na estradioli nyingi kuliko yaliyoingia. Haijazaliwa humo, imefunguliwa tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuweka kimeng'enya mwishoni mwa mtambo, wala si mwanzoni.

Hatua ya 2: Chagua kimeng'enya

Kwa kuanzia, chukua lakase. Ni kimeng'enya chenye atomi nne za shaba, na kinachohitaji kutoka nje ni oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji peke yake, ambayo mwishowe huigeuza kuwa maji. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1883 kutokana na utomvu wa mti wa laka wa Japani, lakini lakase inayotumika leo hutoka zaidi kwenye kuvu wanaoozesha miti, kama Trametes versicolor na uyoga wa chaza, Pleurotus ostreatus.

Chaguo la pili ni peroksidasi, hasa ile ya mizizi ya horseradish, mmea wa kiungo kikali. Inafanya kazi haraka, ila inadai hidrojeni peroksidi. Ukiimwaga peroksidi yote kwa mkupuo mmoja, inakiua kimeng'enya chenyewe. Inabidi itiwe kidogokidogo kwa pampu ya matone. Kwa mtambo mdogo huo ni mzigo wa ziada, na mimi huiacha hadi lakase inishinde.

Wauzaji watakushawishi ununue pia visaidizi, yaani kemikali ndogo zinazobeba elektroni kati ya lakase na homoni. Vinaongeza kasi, ni kweli. Lakini baadhi yake ni sumu, na vinabaki ndani ya maji yaleyale unayotaka kuyasafisha. Homoni hizi nne hazivihitaji. Vikwepe.

Hatua ya 3: Yajue maji yako kabla ya kumwaga chochote

Chukua maji yaliyokwisha kupita tangi la pili la kutuamisha, yale yanayoonekana safi. Majitaka mabichi ni kupoteza fedha. Fikiria hesabu hii: maji yaliyosafishwa kwa hatua mbili yanaweza kuwa na miligramu 10 za kaboni iliyoyeyuka kwa lita, huku estradioli ikiwa nanogramu 10. Ni milioni moja kwa moja. Sehemu ya kaboni hiyo ina fenoli zake, na kimeng'enya hakichagui.

Pima haya:

- pH, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu unaongezeka). Majitaka huwa kati ya 7 na 8. Lakase nyingi za kuvu hupenda uchachu, na nguvu yake hushuka sana kwenye maji yasiyo chachu. Lakase ya Myceliophthora thermophila huvumilia pH ya kati vizuri zaidi. Ni rahisi kutafuta kimeng'enya kinachoyafaa maji kuliko kuyabadilisha maji ya mtambo mzima yamfae kimeng'enya.
- Oksijeni iliyoyeyuka. Ikiwa juu ya miligramu 2 kwa lita, inatosha kuanzia.
- Klorini. Ikiwa mtambo unatia klorini, kimeng'enya kikae kabla yake. Na kama klorini imeondolewa kwa salfaiti, salfaiti nayo hurudisha elektroni pale ulipozichomoa.
- Chumvi. Kloridi nyingi huizuia lakase, kwa hiyo majitaka yaliyochanganyika na maji ya bahari yana shida yake.

Na jambo moja la kuudhi: maabara nyingi huhifadhi sampuli za majitaka kwa azidi ya sodiamu ili bakteria wasiendelee kula. Azidi huizima lakase papo hapo. Uliza kabla hujapokea dumu la mtu.

Hatua ya 4: Pima nguvu ya kimeng'enya

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kopo. Ilipimwa siku ilipofungashwa, kwa pH iliyompendeza muuzaji. Kipimo cha kawaida hutumia ABTS, kemikali isiyo na rangi ambayo lakase huigeuza kuwa kijani-bluu. Unasoma kupanda kwa rangi kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, urefu wa mawimbi nanomita 420, na kigezo cha ufyonzaji wa rangi hiyo ni 36,000 kwa mola kwa sentimita.

Tuchukue mfano. Umeweka mililita 0.1 ya kimeng'enya kwenye mchanganyiko wa jumla ya mililita 3, kwenye kijichupa cha sentimita 1, na usomaji unapanda kwa 0.36 kila dakika. Gawanya 0.36 kwa 36,000: unapata mikromola 10 kwa lita kwa dakika, yaani uniti 10 kwa lita ndani ya kijichupa. Ulikuwa umezimua mara 30, kwa hiyo kimeng'enya chako kina uniti 300 kwa lita.

Sasa rudia kipimo hichohicho, ila badala ya bafa ya uchachu (kimiminika cha maabara kinachoshikilia pH) tumia maji ya mtambo yenyewe. Namba itashuka, pengine sana. Hiyo ya pili ndiyo utakayoishi nayo.

Hatua ya 5: Jaribio la chupa

Tumia vioo tu. Chupa za kioo cha kahawia za mililita 500, vifuniko vyenye utando wa tefloni, ndani maji mililita 250 ili juu ibaki hewa. Plastiki yoyote inayogusa maji ni mwizi.

Yeyusha estradioli kwenye methanoli hadi gramu 1 kwa lita. Vaa glavu na barakoa unapopima unga wake; mjamzito asiushike kabisa. Mikrolita 25 za mchanganyiko huo kwenye mililita 250 za maji zinakupa mikrogramu 100 kwa lita, na methanoli yenyewe haifiki hata asilimia 0.1. Kiwango hicho kiko juu mno kulinganisha na hali halisi, lakini mashine ya kawaida ya kromatografia, inayotenganisha na kupima kemikali, itakisoma bila taabu. Ukishayajua maji yako, shuka hadi nanogramu 100. Usiruke hatua hii ya kushuka: homoni zikiwa nyingi hukutana na kuungana zenyewe kwa zenyewe, zikiwa chache, huungana zaidi na mabaki ya mimea na taka yaliyoyeyuka majini. Tabia inabadilika.

Chupa ni za aina nne, kila aina mara tatu:

Chupa A: maji, homoni, kimeng'enya hai.
Chupa B: maji, homoni, kimeng'enya kilichochemshwa dakika 30.
Chupa C: maji na homoni peke yake.
Chupa D: maji na kimeng'enya, bila homoni ya kuongeza.

Chupa B ndiyo mwamuzi. Inakuonyesha homoni inayonata kwenye protini bila kuvunjwa. Chupa C inakuonyesha inayonata kwenye kioo na inayoliwa na bakteria waliobaki. Chupa D inakwambia maji yalikuja na nini. Ukitumia shanga au unga wa kubebea kimeng'enya, ongeza chupa E yenye shanga tupu. Nimeshaeleza kwa nini.

Anza na dozi tatu za kimeng'enya: uniti 100, 500 na 1,000 kwa lita. Tikisa taratibu kwenye nyuzi 25. Kopo litakwambia lakase inafurahia nyuzi 50, na ni kweli kwa dakika kumi za kipimo; kwa siku tatu mfululizo joto hilo linaipika. Usipulize hewa kwa nguvu pia. Povu likisimama juu ya chupa, kimeng'enya kinakunjuka na kufa humo ndani ya povu.

Chota sampuli dakika ya 0, 15, 30, 60, 120 na 240.

Hatua ya 6: Simamisha, kisha pima

Sampuli ikishatoka kwenye chupa, kimeng'enya kinaendelea na kazi yake hadi ukisimamishe. Kwa viwango vya mikrogramu, changanya sampuli na methanoli nusu kwa nusu: inazima kimeng'enya na pia inang'oa homoni iliyoshika kwenye kioo cha kijichupa. Kwa viwango vya nanogramu methanoli hiyo itakuharibia, kwa sababu lazima kwanza uikusanye homoni kwenye katriji ya kunasia (kijibomba chenye unga unaoishika homoni), na methanoli itaipitisha moja kwa moja. Hapo tumia asidi, shusha pH hadi 2 hivi.

Chuja kwa kichujio cha nyuzi za kioo. Vya nailoni hunasa estrojeni. Baada ya kuchuja, suuza kichujio kwa methanoli kidogo na upime suuzo hilo kama sampuli nyingine. Mara mbili tatu za mwanzo utashangaa.

Chora ukolezi dhidi ya muda kwa kila chupa. Mteremko wa A ukiondoa mteremko wa B ndiyo kazi ya kimeng'enya. Mengine yote ni kunata au kazi ya bakteria.

Hatua ya 7: Mfunge kimeng'enya asisombwe

Ukimwaga lakase kwenye maji yanayopita, inaondoka nayo mtoni, na kesho unanunua nyingine. Lazima ifungwe mahali.

Watu wengi huanza na shanga za alijineti, jeli itokayo kwenye mwani, kwa sababu ni rahisi kama kupika: matone ya alijineti ya sodiamu yanadondoshwa kwenye kloridi ya kalsiamu, yanaganda. Zinapendeza machoni. Lakini fosfeti ya majitaka hunyakua kalsiamu, shanga zinalainika na baada ya siku kadhaa unabaki na uji. Na lakase, yenye uzito wa kilodaltoni 60 hadi 70 (kipimo cha ukubwa wa molekuli), hupenya kwenye vitundu vya jeli na kutoroka. Kwa maonyesho shuleni, sawa. Kwa mtambo, hapana.

Njia ninayoipendelea ni kuifunga kwa glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha protini, juu ya punje za silika au kitosani (kitu kitokacho kwenye magamba ya kamba), ambapo kimeng'enya kinashikwa kwa kifungo cha kikemia. Nyingine ni kukigandisha kimeng'enya chenyewe kwa salfeti ya amoniamu, halafu kukiunganisha kwa glutaraldehaidi hiyohiyo kiwe vipande visivyoyeyuka. Ya tatu ni kukiacha huru na kukizuia kwa utando wa kilodaltoni 10: maji yanapita, kimeng'enya kinabaki. Utando huo huziba, na kuusafisha ni kazi ya kudumu.

Kila njia ina gharama ya nguvu. Baada ya kufunga, pima tena kwa ABTS, kisha fanya jaribio la kuvuja: loweka punje kwenye maji saa moja, zitoe zote, kisha tia ABTS kwenye maji yaliyobaki. Yakigeuka kijani, kimeng'enya kinatoroka.

Hatua ya 8: Kutoka chupa hadi tangi

Hapa ndipo miradi mingi huanguka, na chanzo chake ni hesabu. Tuseme jaribio la chupa limeonyesha estradioli inapungua nusu kila dakika 30. Ndani ya chupa, kufikia asilimia 90 kutachukua kama dakika 100. Asilimia 99, dakika 200.

Mtu hujenga tangi moja linalokorogwa, maji yakikaa humo dakika 100, na kushangaa kupata asilimia 70. Sababu ni kwamba kwenye tangi linalokorogwa, maji mapya yanachanganyika na ya zamani, na baadhi yanatoka sekunde chache baada ya kuingia. Kwa kasi hiyohiyo, tangi moja litahitaji saa 6 na nusu kufikia asilimia 90. Ligawe kuwa matangi matatu yanayopokezana na jumla inashuka hadi saa 2 na nusu. Yapitishe kwenye bomba refu lililojaa punje, bila kuchanganyika, na unarudi karibu na zile dakika 100.

Kwa hiyo bomba la punje ndilo bora? Kwa homoni, ndiyo. Kwa uchafu unaoelea, bomba ni kichujio kisichoombwa, litaziba. Mimi ningeweka kichujio cha mchanga mbele, halafu mabomba mawili sambamba, moja likifanya kazi huku jingine likioshwa. Weka kipima-oksijeni mwisho wa kila bomba. Punje zikifunikwa na utelezi wa bakteria, oksijeni ndiyo inayoshuka kwanza.

Kila wiki chota kijiko cha punje, pima nguvu yake kwa ABTS, andika. Mchoro wa wiki kadhaa utakuonyesha siku ya kubadilisha punje kabla mto haujakuonyesha.

Hatua ya 9: Kagua alichoacha kimeng'enya

Mashine ikisema estradioli imekwisha, imesema tu kwamba molekuli ile yenye uzito wa 272.4 haionekani. Haijasema kama iliyozaliwa badala yake ni salama. Kuna kipimo cha hamira iliyotiwa jeni la kipokezi cha estrojeni cha binadamu: ikikutana na kitu chochote chenye tabia ya estrojeni, rangi inageuka kutoka njano kwenda nyekundu. Haijali jina la kemikali. Peleka humo maji ya chupa A na B kwa pamoja. Mashine ikionyesha homoni imeisha na hamira bado inageuka nyekundu, rudi hatua ya 1 na uulize juu ya vifungo vya salfeti na glukuronidi, au juu ya homoni ambayo hukuipima.

Umoja wa Ulaya uliiweka ethinilestradioli kwenye orodha yake ya uangalizi mwaka 2015, na kiwango kilichokuwa kimependekezwa wakati huo kwa maji ya mito kilikuwa nanogramu 0.035 kwa lita. Maabara nyingi haziwezi hata kukisoma. Hamira inakusaidia kukaribia huko.

Hatua ya 10: Punje zilizochoka

Punje zikipoteza nguvu, usizitupe. Chukua gramu kadhaa, zioshe kwa methanoli mara tatu kwenye kijichupa cha kioo, kusanya suuzo zote na uzipime. Linganisha na jumla ya homoni iliyoingia kwenye bomba tangu ulipozijaza. Zikirudisha sehemu kubwa, umekuwa ukiendesha kichujio cha bei ghali, na punje hizo ni taka hatari zenye homoni ndani. Zikirudisha kidogo tu, kimeng'enya kilifanya kazi yake. Vyovyote vile, methanoli ya kuoshea iende kwenye dumu la viyeyushi taka. Isirudi kwenye sinki, maana sinki inaelekea kwenye mtambo uleule.